Nilibaki na glavu moja mkononi, na karibuni nitaitwa daktari wa zamu

MUULIZE SHANGAZI

Barua ya leo imetoka Mbeya. Nimeipunguza kidogo na kuondoa mambo yanayoweza kumtambulisha mwandishi.

*Shikamoo Shangazi. Kamwene.*

*Mimi ni binti wa Makambako, nasoma udaktari mwaka wa tano hapa Mbeya. Mtihani wa mwisho umebaki wiki saba, na baada ya hapo ni kusubiri kupangiwa kituo cha utarajali, ule mwaka wa kazi ya kujifunza hospitalini. Wenzangu wanashona nguo za mahafali. Mimi usingizi sina.*

*Mwezi wa tatu nilikuwa zamu ya usiku leba. Mama mmoja, uzazi wake wa tatu, alijifungua vizuri, mtoto akalia, kondo likatoka. Sista akasogea kitanda cha pili kumwangalia mwingine, mimi nikabaki naandika faili. Nilipoinua macho, damu ilikuwa inadondoka kutoka kitandani hadi sakafuni. Shangazi, zile sababu nne za mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua nazijua kama jina langu. Wiki mbili kabla ya hapo nilizitaja zote mbele ya bingwa, akanisifu. Usiku ule nilivaa glavu moja, ya pili ikabaki mkononi, nikasimama. Sikufanya kitu, sikuita mtu. Yule mama mwenyewe ndiye aliyeniambia kwa sauti ndogo, "Dokta, mbona naona giza?" Ndipo sista akageuka, akanisukuma kwa bega, akaanza kazi.*

*Mama alipona, akaenda nyumbani na mwanawe. Hakuna aliyenisema hata neno moja. Tangu siku hiyo nabadilishana zamu na wenzangu: mimi nawafanyia kliniki, wao wananifanyia leba. Yule sista nikimwona kwenye korido napita ngazi nyingine.*

*Baba yangu aliuza ekari mbili za paini, miti bado michanga, ili nimalizie ada. Nikienda likizo majirani wanakaa uani na magonjwa yao, mama anawaambia, "Subirini daktari anywe chai kwanza."*

*Je, niombe kuahirisha utarajali mwaka mmoja ili nijiandae? Kaka mmoja aliyetutangulia anasema nichague hospitali kubwa, mabingwa ni wengi, nitajificha nyuma yao. Mwingine anasema hospitali ndogo ndiko mtu anakokomaa. Na kwa wiki hizi saba nisome nini? Nimenunua kitabu kingine cha uzazi, kurasa mia saba, lakini kila nikikifungua naiona ile damu.*

*Mwenye Glavu Moja, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Kamwene.

Hicho kitabu cha kurasa mia saba mpe mtu wa mwaka wa tatu akitumie. Unachokikosa hakimo humo, na umekwisha kulithibitisha mwenyewe: sababu nne ulizijua, bingwa akakusifu, na damu ikamwagika vilevile.

Wapo wasomaji wanaonidhania daktari, kwa hiyo niseme mapema. Nilikuwa mkunga kwa miaka 31, karibu yote huku huku nyanda za juu. Watarajali nimewapokea mlangoni mwa leba mwaka baada ya mwaka, na baadhi yao leo ni mabingwa wenye vitambi. Nakujibu kwa jicho la mtu aliyesimama upande ule mwingine wa kitanda.

Na mimi nina yangu. Damu yangu ya kwanza nilikuwa mwanafunzi, umeme umekatika, tunafanya kazi kwa taa ya kandili. Mkubwa wangu akaniambia, "Kalete beseni." Nikatoka. Beseni lilikuwa pale pale mlangoni, nililiona kwa macho yangu, lakini nikaendelea "kulitafuta" hadi mwisho wa korido, kwenye baridi, mpaka niliposikia sauti za mle ndani zimetulia. Nikarudi nalo mambo yamekwisha. Hakunigombeza. Asubuhi tukiwa tunakunywa uji akaniambia nimhesabie kwa vidole nini kinafanywa mama akitokwa damu, moja baada ya jingine. Kesho yake tena. Kwa mwezi mzima hakuitikia salamu yangu kabla sijahesabu. Nilimchukia yule mkubwa wangu! Lakini mpaka leo nikisikia jirani amejifungua, vidole vinaanza vyenyewe.

Kwa hiyo kusimama hakunishtui. Mwili ukiona jambo kubwa kwa mara ya kwanza husimama, uwe na digrii au usiwe nayo. Kilichonigusa katika barua yako ni ile sentensi fupi, "sikuita mtu". Sista alikuwa hatua tano kutoka hapo. Ungesema maneno mawili tu, "Sista, damu!", ungekuwa tayari umeanza matibabu.

Sisemi hivyo kukufariji. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini kuhusu damu hii hii. Waliweka chini ya mama mfuko wenye alama za vipimo ili damu ionekane ni kiasi gani badala ya kukadiriwa kwa macho, kisha wakawafundisha watu wa leba kufanya mambo matano kwa mkupuo mmoja: kukanda tumbo la uzazi, kutoa dawa ya kulikaza kama oksitosini, kutoa traneksamiki (dawa ya kusaidia damu igande), kuweka dripu, na la tano kumpima mama kuona damu inatoka wapi huku wakiita msaada mkubwa zaidi kama haikati. Madhara mabaya, yaani kupoteza damu ya lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu hiyo, au kufa kwa damu hiyo, yalipungua kwa asilimia 60. Angalia dawa zilizomo: hakuna ngeni. Zote wewe unazijua. Kilichobadilika ni kwamba hakuna aliyeachwa asimame akifikiri aanze na lipi, na kuita kumo ndani ya tiba, kumewekwa kwenye orodha moja na dripu.

Wamarekani nao, mwaka 2014, chama cha vyuo vyao vya udaktari kiliandika kazi 13 ambazo mhitimu anapaswa kuziweza siku yake ya kwanza kazini bila mtu kumsimamia bega kwa bega. Mojawapo ni kumtambua mgonjwa anayehitaji huduma ya haraka na kuanza kumhudumia. Wameandika kuanza. Kumaliza hawakuandika.

Basi wiki zako saba zifanyie hivi. Chagua dharura chache, usizidishe sita: mama anayetokwa damu, mama mwenye kifafa cha mimba, mtoto mchanga asiyelia, mtoto mwenye degedege, majeruhi wa bodaboda, na mtu mzima anayepumua kwa shida. Kila moja iandikie mambo ya dakika kumi za mwanzo kwenye kadi, kwa mpangilio wa miongozo ya wizara unayofundishiwa, kisha uyaseme kwa sauti huku mikono ikifanya. Kwa sauti, mwanangu. Ukiyasoma kimya mikono haijifunzi. Tafuta mwenzako mmoja awe mgonjwa na mwingine awe sista asiye na haraka (wapo, utakutana nao). Mtoto mchanga mfanyieni kwenye mdoli wa chuo, mfuko wa hewa mkononi na saa ukutani, maana asiyelia anatakiwa awe ameanza kusaidiwa kupumua ndani ya dakika ya kwanza. Dakika moja ni fupi kuliko unavyodhani ukiwa unatafuta barakoa ya kumtosha.

Halafu fanyeni simu. Hili ndilo nililoona likiwaangusha vijana wenye alama nzuri kuliko jambo lingine lolote. Anampigia bingwa saa 8 za usiku, anaanza kusimulia tangu mama alipofika kliniki ya kwanza, bingwa amelala nusu, anauliza, "Kwa hiyo unataka nini?" Kijana anajibu, "Nilikuwa nakujulisha tu, dokta." Simu inakatwa. Wewe sema hivi: "Dokta, ni fulani, mtarajali, niko leba. Nina mama anayetokwa damu, naomba uje. Ana miaka 24, uzazi wa pili, amejifungua dakika ishirini zilizopita. Damu imepita nusu lita, presha 90 kwa 50, mapigo 128. Tumemkanda, oksitosini amepata, traneksamiki inaingia, dripu inakwenda, damu ya kuongezea nimeomba maabara. Haijakata." Ombi limekaa mwanzoni, hata akisinzia katikati ameshajua anatakiwa wapi. Mpango unaofanana na huu, wa kusema hali, historia fupi, tathmini na ombi, hospitali za Marekani ziliuchukua kwa wanamaji wao wa nyambizi, watu ambao wakielewana vibaya wanazama wote.

Atakufokea? Huenda. Andika kwenye faili saa uliyompigia na alichosema, umalize kazi, upige tena kama hali haijabadilika. Bado sijamwona mtarajali aliyeharibikiwa kwa kupiga simu mno. Waliosubiri asubuhi ifike ndio niliowaona wakilia nyuma ya stoo.

Uingereza, tangu mwaka 2012, daktari mpya hulipwa siku zisizopungua nne za kumfuata anayemwachia nafasi kabla hajaishika mwenyewe. Huku kwetu unaweza usipewe siku hizo, basi ziibe. Mwombe mtarajali aliyepo sasa umfuate usiku mzima, usiku mmoja kila wiki, na usimwombe akufundishe ugonjwa. Mwangalie anavyoishi. Funguo ya kabati la dawa za dharura anayo nani? Mtungi wa oksijeni ukiisha saa 10 alfajiri unapigiwa nani? Damu inafuatwa na ndugu au na mhudumu? Mgonjwa asiye na bima wala ndugu, afisa ustawi wa jamii anapatikana vipi wikiendi? Hayo hakuna anayekutahini, na ndiyo yatakayokula usiku wako wa kwanza.

Mwombe pia akuonyeshe karatasi. PF3, fomu ya polisi ya mtu aliyeumia, utaijaza mara nyingi kuliko unavyofikiri, kwa barabara kuu hii ya kuteremka Mlima Nyoka na bodaboda zetu za mjini. Mwenye jeraha la hatari tibu kwanza, karatasi ifuate. Lakini ukiijaza, andika kwa mwandiko unaosomeka ulichokiona wewe: jeraha liko wapi, lina urefu gani. Nani kampiga nani, waachie polisi. Unaweza kuitwa mahakamani miaka miwili baadaye, umeshamsahau hata sura mtu huyo, na utakachokuwa nacho ni mwandiko wako tu.

Jambo dogo ambalo halimo vitabuni: saa. Mgonjwa akikuambia maumivu yameanza saa 3, anamaanisha saa 3 yetu, na faili unaliandika kwa mtindo wa saa 24. Usiku, umechoka, ni rahisi kuandika 03:00 wakati ilikuwa 21:00, na kipimo kinachofuata cha dawa kikakosewa. Uliza "saa 3 ya asubuhi au ya usiku?" kila mara, hata kama unaona aibu. Umesoma magonjwa kwa Kiingereza miaka mitano, wagonjwa watakuja na kichomi, chango, ngiri na "moyo unanipiga pa!" Bibi wa Rungwe anaweza kuja na Kinyakyusa kitupu. Usijifanye umeelewa. Mhudumu wa usafi mara nyingi ndiye mkalimani bora wodini, mheshimu mapema.

Na sindano. Utafiti wa VVU wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta wastani wa maambukizi wa asilimia 4.4 kwa watu wazima nchini, lakini Njombe kwenu asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Sikutishi, watu wanaotumia dawa vizuri na virusi vyao vimefubaa wanaishi na kuzaa kama wengine. Nataka tu ujue kabla ya zamu ya kwanza dawa za kinga baada ya kujichoma zinatolewa chumba gani usiku, kwa sababu zinaanzwa haraka iwezekanavyo, mwisho saa 72, na zinamezwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini B ni sindano tatu zinazochukua miezi sita. Kama hujaanza, anza wiki hii.

Sasa maswali yako. Kuahirisha hapana. Mwaka mmoja Makambako ukiwapima presha majirani uani hautakurudisha kitandani pale, utakuzidishia umbali. Tena umekwisha kuahirisha miezi kadhaa kwa zile zamu za kubadilishana, na umeona ulichovuna. Zamu za leba zilizobaki zote zirudishe mikononi mwako. Ila hili la usingizi na kuiona damu kila ukifungua kitabu, usilichukulie kuwa uoga wa kawaida. Limezidi mwezi mmoja sasa. Nenda kliniki ya afya ya akili au kwa mshauri wa wanafunzi, ukaeleze kama ulivyonieleza mimi. Ungemwona mwenzako hivyo ungempeleka.

Hospitali kubwa au ndogo, washauri wako wote wawili naona wamekosea. Aliyekosea zaidi ni yule wa kujificha nyuma ya mabingwa, maana huko kubwa ukijificha vizuri unaweza kumaliza miezi kumi na miwili umejaza kitabu chako cha mafunzo na hujaushika mfuko wa hewa. Wapigie simu watarajali walioko vituo hivyo sasa, uwaulize matatu: mkubwa wako akipigiwa usiku anapokea? Mwezi wa kwanza mtarajali mpya anaachwa peke yake? Damu ya kuongezea hupatikana? Mambo hayo yakiwa sawa, iwe Sumbawanga au Dar es Salaam, nenda. Hata hivyo utapangiwa wanakotaka wao, kwa hiyo usiumize sana kichwa. Jiwekee tu fedha ya chumba na chakula ya miezi miwili, usiitegemee posho ikufikie tarehe unayoitaka.

Baba na paini zake nakuachia mwenyewe. Lakini foleni ya uani mwambie mama aivunje. Hujasajiliwa, huna vipimo, na mtu akidhurika kwa ushauri uliotoa ukiwa na kikombe cha chai mkononi, hakuna bingwa wa kumpigia simu. Waambie, "Twende zahanati, nitakusindikiza." Wataridhika zaidi, wataonekana wamesindikizwa na daktari.

Limebaki la yule sista. Wenzangu wa leba wana tabia mbaya moja, nakiri: mgeni akikosea tunamnyamazia, tunamwacha ajipike mwenyewe. Kimya chake hakina maana kwamba amekuhukumu, ila pia hakikukusaidia. Mtafute Alhamisi hii kabla ya zamu ya usiku, muda wakiwa wanakabidhiana. Pitia sokoni umchukulie ndizi za Tukuyu kama maneno yatakushinda. Akikuuliza umefuata nini, mwambie umekuja akuonyeshe trei ya vifaa vya dharura ya damu inakaa wapi, kisha simama hapo hapo umhesabie kwa vidole.